Fundo Chini ya Figa

Mjukuu wangu Rehema anafanya kazi kisiwani, hoteli ya watalii, na kila akinipigia simu tunaanza na hali ya hewa kabla shikamoo haijapoa. "Bibi, huko Mlandizi imenyesha?" Namwambia imenyesha, au haijanyesha, au imechungulia ikaondoka. Naye ananipa ya kwao: leo wageni wamenuna, wingu limekaa tangu asubuhi, kuna mzee wa Kizungu kaja mapokezi kugomba kana kwamba Rehema ndiye aliyelitundika. "Wamelipia jua, Bibi," anasema, anacheka. Mie sicheki. Juzijuzi aliniambia, "Bibi, tuombee basi jua, wiki hii tuna harusi ya wageni ufukweni," nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia simu mtoto yule. Ndiye aliyenijengea choo cha ndani, ndiye aliyeninunulia hiyo simu yenyewe. Nilibaki nimeishika, maana maneno yale nilikwisha kuyasikia, kisiwani vilevile, kwa kinywa cha mtu mwingine, na aliyeombwa siku hiyo hakuwa Mungu. Alikuwa shoga yangu Mwanvua. Hazikupita siku nyingi akaja kijana wa bodaboda kutoka Mbwawa, akazima pikipiki mbali na mlango, akavua kofia. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Mwanvua amekufa.

Ya ukoo wangu nayaacha, anayeyataka aje tukae. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule niliokaa naye kisiwani na tuliorudi nao kwetu Mzenga, maana hakuna mwingine aliyebaki wa kuujua. Niliishia darasa la pili. Rehema atanisahihishia herufi, maneno asiyaguse.

Tulikuwa wasichana, tumechezwa unyago, tumetolewa nje, hatujaolewa. Mwanvua alizaliwa mvua ikinyesha, ndivyo alivyopata jina, na kwetu mtoto wa namna hiyo ana mkono. Siku ya harusi wingu likitishia, pilau lipo jikoni, wapiga ngoma wameshawamba, anaitwa. Nilimwona mara nyingi. Anachukua kijipande cha mkaa jikoni, hatazami juu hata kidogo, anakitia kwenye ncha ya kanga, anapiga fundo, anakata ile ncha kwa kisu, anaichimbia chini ya figa moja katika yale matatu. Watu wanakula, wanacheza, bibi harusi anapelekwa kwake. Jioni Mwanvua anarudi palepale jikoni, anachimbua, anafungua fundo, anashukuru, basi. Mama yake, Bi Sihaba, mjane mmoja mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, ndiye aliyemfundisha, na masharti yake tuliyajua hata sisi tusio na mkono: ukifunga, fungua, mkono uliofunga ndio ufungue, na usimfungie mvua mtu asiyelima, maana huyo hajui anachokizuia.

Kisiwani tulipelekwa na mjomba wake aliyekuwa akiuzia hoteli nazi. Kisiwa sikitaji jina, kina wenyewe, na hoteli yenyewe ilishakufa, wamebaki popo. Mimi nilifua mashuka, Mwanvua aliwekwa jikoni kukuna nazi na kuparua samaki. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya tangi la maji: makuti juu, vitanda viwili vya kamba, ukuta wa chokaa unaokuachia mgongo mweupe ukijiegemeza. Mbele yake palikuwa na jiko la wafanyakazi, mafiga matatu kwenye mchanga na bati bovu la kuzuia upepo, na hapo ndipo tulipokula ugali na dagaa huku harufu ya kamba wa wageni ikitupita puani. Siku nyingine mpishi alitupa maganda ya mikate yao, tukachovya kwenye chai ya rangi, tukajiona malkia. Wageni nao tuliwatazama mpaka macho yakachoka. Wanatoka kwao kwenye baridi, wanakuja kulala mchangani wamejipaka mafuta yanayonukia nazi, upande huu, kisha upande huu. Kassimu, mhudumu wa meza, alikuwa akisema, "Waacheni wajikaange. Wakiiva nitawageuza." Na matone matatu yakidondoka, mtu mzima na ndevu zake anakimbia amejifunika taulo, utadhani kamwagiwa maji ya moto. Mwanvua yeye alitoka jikoni, akasimama katikati ya uwanja amefungua mdomo, anaipokea. "Mtu mzima anakimbia mvua!" akaniambia, machozi ya kicheko yanamtoka. "Hawa kwao wanakula nini?"

Mlangoni palikuwa na ubao mweusi, na kila asubuhi Meneja aliandika neno la hali ya hewa kwa lugha yao, na pembeni akachora duara lenye miale, hata mie nikalisoma. Siku ya mvua aliacha ubao mtupu. Sikuwahi kuona wingu limechorwa pale. Alikuwa mtu wa bara, kutoka mlimani, msafi, si mkali, ila mwenye wasiwasi. Vuli ilipokaribia alikuwa akitoka nje kila saa kutazama mbingu kama mtu anayemngoja mdai. Nani alimpelekea habari za Mwanvua? Kassimu, ulimi wake haukuwa na mlango. Nilikuwa kwenye kamba naanika mashuka, jikoni dirisha wazi, nikasikia yote.

"Wewe ndiye Mwanvua?"

"Ndiye mie, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia kwenu unafunga mvua."

"Ya harusi, mzee. Ya mchana mmoja. Watu wakishashiba naifungua."

"Basi na hii ichukulie harusi. Harusi ndefu kidogo." Akamweleza: wanakuja wageni wakubwa, kundi zima, watakaa mpaka wachoke. Wakikuta mvua hawarudi tena, wala hawatawaleta wenzao, hoteli itafungwa, na nyie wote mtarudi kuchimba mihogo. "Wakikuta jua, binti, nakuandika kazi ya kudumu."

Nikasikia mbuzi ya kukunia nazi imesimama.

"Mama kasema nisimfungie mtu asiyelima."

Meneja akacheka cheko la mtu aliyepata upenyo. "Baba yangu ana shamba la kahawa! Mfungie yeye."

Sasa nieleze kitu kimoja, maana watu wa Mzenga walipokuja kumsema walisema tamaa. Mwanvua hakutaka kitenge wala viatu. Alitaka bati. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya nyasi, na Bi Sihaba, siku aliyopita karibu na nyumba ya mwalimu mvua ikinyesha, alisimama nje akalowa chapachapa anasikiliza tu mlio wa mvua juu ya bati. "Kama ngoma ya wakwe," alisema. Mwanvua alilichukua neno hilo akalihifadhi. Kazi ya kudumu ilikuwa bati. Aliniambia kitandani kabla hatujazima kibatari: "Nitamweka mama chini ya bati, Mwaju, aisikie mpaka iudhi." Akaifunga mvua amsikilizishe mama yake mvua. Nimelifikiri jambo hilo maisha yangu yote na halijawahi kunikalia sawa.

Alifunga asubuhi ile kundi lilipowasili, chini ya figa la jiko letu la mchangani. Na wallahi nasema nilichokiona. Mchana wingu lilitoka upande wa bahari, jeusi, zito kama ng'ombe mwenye mimba. Mashuka yangu yako kwenye kamba, nikaanza kuyachomoa mbio. Likaja mpaka juu ya minazi ya mwisho, likapasuka kama kanga kuukuu, nusu ikaenda huku, nusu huku, na juu yetu likabaki jua. Kule mbali tukaiona mvua inanyesha baharini, pazia la kijivu, maji yanaingia kwenye maji. Kassimu akapiga magoti kwa mzaha mbele ya Mwanvua. "Mama mkubwa! Nifungie na mke wangu asiende kwao!" Tukacheka wote, mpishi, wafuaji, Meneja naye kwa mbali. Mwanvua alicheka pia, ila nilimwona anavyolitazama lile pazia. "Inamwagika bure," akasema. "Samaki wana haja gani ya mvua?"

Wale wakaondoka wameiva wekundu, wakaja wengine. Mwanvua akamwendea Meneja afungue. Meneja akasema ngoja kidogo. Wakaja wengine tena. Ubao wa mlangoni ukawa duara na miale kila siku, mpaka ile chaki ikawa haifutwi tena, inapigwa mstari juu ya mstari. Sisi tulioshwa na jasho. Tangi lilianza kutoa maji ya rangi ya chai, wageni wakawa wanaletewa maji kwa mapipa, nasi tukioga ya chumvi. Nilikuwa naamka naisikia midomo yangu imekauka, namkuta Mwanvua kakaa kitandani anasikiliza. "Unasikiliza nini?" "Hamna," anasema. "Ndiyo nasikiliza hiyo hamna."

Mjomba alipokuja na nazi mara ile, nazi zilikuwa ndogo kama ngumi. Alikaa kwenye gunia jikoni kwetu, akapewa chai, hakuinywa. "Kwenu vuli haikushuka," akasema. "Na masika haya naona yanakwenda njia hiyohiyo. Hata umande. Watu wanachimba ndiga porini." Alisema pia wamehamishwa, Mzenga yote, wamepangwa mstari kwenye kijiji kipya, mbali na kijito na mihogo yao ya zamani, na kwamba walihamishwa wakati wa kupalilia. Hilo la kuhamishwa alilisema harakaharaka, anatazama mlangoni. Lile la mvua alilisema polepole, anamtazama Mwanvua. Hapo nikaona kwamba ulimi wa Kassimu ulishavuka maji.

Mwanvua aliondoka pale akaenda moja kwa moja kwa Meneja, mikono imejaa machicha ya nazi. Alirudi amekunja uso. Meneja kasema hawa waliopo wakiondoka, afungue anavyotaka. Na kasema tena, kwa furaha, kwamba jiko letu litajengwa, tutawekewa sakafu ya saruji na jiko la mafuta, tusile moshi kama wanyama. Alidhani anatufanyia wema. Alikuwa anatufanyia wema. Mafundi walikuja mapema kuliko alivyosema. Nilirudi kutoka kufua nikakuta mafiga yametupwa nyuma ya tangi, saruji imeshamwagwa, fundi kachuchumaa anaisawazisha kwa mwiko, na Mwanvua kasimama pembeni kanga imembana mpaka shingoni. "Limo ndani," akaniambia. Nikamwamini. Fundi akatuuliza, "Mnalia nini, nyumba mpya hii?"

Tulidai ruhusa, tukanyimwa, tukaondoka hivyohivyo. Tulishuka kwenye gari la mizigo njia panda tukatembea, na sijawahi kuona nchi yangu vile. Mikorosho imepukutika, vumbi linaingia mpaka kwenye masikio, ng'ombe wa watu wamelala wanatutazama bila kuinua kichwa. Hatukukijua kijiji, nyumba zimepangwa mstari kama maboma ya askari, tukawa tunauliza njia ya kwetu kama wageni. Mwanamke mmoja alipomwona Mwanvua aliweka ndoo chini, hakuitikia salamu. Hivyo ndivyo tulivyojua pana neno. Bi Sihaba alikuwa ameshazikwa.

Ndiga ni kiazi cha porini, kina sumu. Unakikata vipande vyembamba, unakitia kwenye kapu, unakilaza kwenye kijito maji yapite juu yake siku nyingi, mpaka uchungu uondoke wote. Mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajajua kufunga kanga. Lakini kijito kilikuwa kimebaki mchanga. Bi Sihaba aliiloweka ndani ya chungu, kwa maji ya kununua, maji yaleyale, akabadilisha mara moja kwa kuwa mengine hakuwa nayo. Akapika, akala, akalewa, akaanguka. Jirani aliyetusimulia alisema mwishoni alikuwa anaita bati. Walidhani anaweweseka.

Siku ya tatu ya matanga wakamwita Mwanvua uwanjani. Unga wa yanga ulikuwa umeletwa siku hiyo, ule wa mahindi ya njano, watu wako kwenye foleni na bakuli zao, na mwenyekiti wa kijiji, aliyetoka kusema maneno ya kilimo cha kufa na kupona, alikuwa kasimama pembeni na wala hakuzuia. Ilimfaa pia. Watu wakishughulika na mvua hawamwulizi yeye kwa nini waling'olewa mihogo ikiwa ardhini.

"Mpisheni mwenye mvua!" mmoja akasema.

"Dada Mwanvua, tugawie hata kikombe," akasema mwingine, na watu wakacheka kile kicheko kikavu cha njaa.

Mzee mmoja, ndugu wa marehemu, akanyamazisha. "Binti yangu, hatukugombezi. Ulifunga?"

"Nilifunga, baba."

"Basi fungua. Hapa mbele yetu, tumalize."

Aliinamisha kichwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya kanga, kifuani. Nilidhani anaushika moyo. Kisha akasema, "Halipo. Liko chini ya saruji kisiwani." Wanawake wakapiga kelele kama wamepewa msiba wa pili. Nami, kwa kumtetea, nikapaza sauti: kweli, niliiona saruji kwa macho yangu!

Mwaka uliofuata vuli ilirudi. Ilirudi yenyewe, hakuna aliyefungua kitu, ikanyesha mpaka vyoo vikabomoka. Watu wakasema saruji imepasuka huko, wakacheka, wakapanda, wakasahau. Aliyeshiba husahau upesi. Mwanvua hakusahau. Alihamia Mlandizi, akaolewa, akaachika, akanunua kijiwanja Mbwawa, akaezeka bati. Hakufunga mvua ya mtu tena, hata harusi ya mwanawe, tulilowa sote na keki ikayeyuka. Na ikinyesha, iwe saa ngapi, alitoka ndani ya bati lake akakaa nje barazani, analowa, kama hastahili ule mlio. Tuliishi hivyo, jirani wa mbali, tukitembeleana. Siku moja tunachambua mchele kwangu, hatuna mazungumzo yoyote ya maana, akaniuliza, "Mwaju, ukiwa na dawa, na ukajua ile dawa ikifanya kazi ndiyo itakayothibitisha kwamba mgonjwa ulimwua wewe, utaitumia?" Nikamwambia, "Weye una maneno ya wazee, chambua mchele." Akachambua.

Sasa nimefika Mbwawa. Nilipanda bodaboda na uzee huu, nimemkumbatia mtoto wa watu kiunoni. Nyumba imejaa, na kwa kuwa mie na Bi Zena, jirani yake, ndio wazee, tuliambiwa tumwoshe sisi. Kabla hatujaanza, binti yake akanivuta nyuma ya mlango, akanitia kitu kiganjani. "Mama kasema upewe wewe, shangazi. Kasema utajua."

Ilikuwa ncha ya kanga, imekatwa kwa kisu, rangi imekwisha. Ina fundo. Nikalibonyeza, ndani kuna kitu kigumu kidogo kama punje ya ubuyu. Mkaa. Nikakaa kwenye ndoo. Alilichimbua kabla ya mafundi, na pale kwenye saruji alinificha hata mimi, kwa nini sijui. Alikuja nalo kwao alifungue mbele ya mama yake, akakuta kaburi. Na siku ile uwanjani lilikuwamo mkononi mwake, ndani ya kanga. Nami niko pembeni yake napiga kelele za saruji! Angelifungua ikanyesha, basi yeye ndiye aliyemwua mama. Angelifungua isinyeshe, basi fundo halikuwa kitu, aliwaacha wote kwa ajili ya mkaa tu. Akasema saruji. Kisha mvua ikaja fundo likiwa limefungwa, na mwenye akili zake angejiambia, nipo huru. Lakini aliyezikiwa mama hapimi mambo kwa akili. Alilibeba. Alipika nalo, akalala nalo, akazaa nalo, na hakuniambia hata mimi.

Tukamwosha. Alikuwa mwepesi, Mwanvua, mbavu kama za Bi Sihaba. Bi Zena aligeuka kuchanganya karafuu maiti kwenye maji ya mwisho, mie nikamshika mkono wa kulia. Mkono uliofunga ndio ufungue. Sikumwuliza shehe na sitamwuliza. Nilimtia lile fundo kwenye vidole, kidole gumba hapa, cha shahada pale, nikavibana kwa vidole vyangu, nikavuta. Lilikuwa limekakamaa, halikutaka. Nikamwambia kwa sauti, kama tuko chumbani kule nyuma ya tangi, "Mwanvua, usinicheleweshe, watu wanangoja." Likaachia. Ule mkaa ukaanguka kwenye maji, ukateleza, ukaingia mferejini pamoja na povu. Niliinua macho nikamkuta Bi Zena ananitazama, kata mkononi. "Mmwagie," nikamwambia, akammwagia.

Wanaume wakamchukua. Ilikuwa siku ya jua, jua kali lisilo na doa, jua la kuchorwa kwenye ubao. Nilirudi kwangu Mlandizi kwa bodaboda ileile, sikuvua hata baibui, nikatoa ndoo zote, na sufuria, na beseni la kufulia, nikaanza kuzipanga chini ya ukingo wa bati. Simu ikalia, Rehema, anataka kunipa pole. Akasikia mlio wa masufuria.

"Bibi, unafanya nini huko? Mvua inakuja?"

Nikatazama juu. Mbingu nyeupe.

"Sijui," nikamwambia. "Napanga ndoo."